Amana Iliyo Mikononi mwa Askari Mpya

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu, katika darasa zetu za baina ya Magharibi na Isha pamekuwa pakiulizwa suala moja kwa sura tatu, na waulizaji ni wazee ambao watoto wao wamechukuliwa katika polisi. Kijana amemaliza mafunzo Kiganjo, amevishwa nguo, ameapishwa, na barua aliyopewa yamtaka aende Migori, au Homa Bay, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, kwa watu ambao yeye hajui lugha yao, wala wao hawamjui baba yake. Mzee auliza: Je, kazi hii ni halali kwa mwanangu? Na fedha atakazoniletea, nizile? Na mkubwa wake akimwamrisha jambo ovu, dhambi ni ya nani?

La kwanza ni jepesi. La pili tutaliweka mwisho, kwa kuwa latuhusu sisi tuliobaki majumbani. La tatu ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Wako ndugu zetu wasemao kwamba upolisi ni haramu moja kwa moja, na hatuwashangai. Pwani yetu imeona vijana wakichukuliwa na watu wasiojitambulisha na wasirudi. Wako akina mama Mombasa na Kwale wanaongojea mpaka leo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini kushtuka si dalili ya sharia. Nabii Yusuf (a.s.) aliitumikia serikali ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, na ni yeye mwenyewe aliyeomba awekwe juu ya hazina za nchi, kwa kujua kwamba ataihifadhi amana hiyo na kwamba anaijua kazi. Tena Yusuf alikuwa mahabusu kabla ya kuwa mtumishi, na alifungwa bila ya kosa; basi aliyajua madaraka kutoka pande zote mbili za mlango wa gereza. Bwana Mtume (s.a.w.) naye, kwa riwaya ya Anas bin Malik iliyomo katika Bukhari, alikuwa na Qays bin Saad bin Ubada karibu naye katika daraja ya mkuu wa askari kwa amiri wake. Na Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akizunguka Madina usiku kwa miguu yake mwenyewe. Kulinda watu walale ni ibada, na imepokewa katika Tirmidhi kwamba jicho lililokesha likilinda katika njia ya Mwenyezi Mungu halitaguswa na Moto. Sisi twaona kwamba askari afanyaye doria Rongo au Mbita saa nane ya usiku, akiwa na nia safi, ana matumaini ya kuingia katika fadhila hiyo.

Na lau watu wenye kumcha Mungu wote wangaliikimbia kazi hii, ingalibaki mikononi mwa nani?

Sasa tuyatazame manufaa ya kazi, kwa sababu kijana hakwenda Kiganjo kwa ajili ya thawabu peke yake, na hapana aibu kusema hivyo. Ana mshahara kila mwezi. Ana marupurupu ya nyumba, ana bima ya matibabu yake na ya mkewe na watoto wake, ana likizo, na tangu Januari 2021 kuna mpango mpya wa akiba ya uzeeni kwa watumishi wa serikali: yeye hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wake, na Serikali humwongezea asilimia 15. Haya ni haki yake. Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwa Al-Mustawrid bin Shaddad kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alimruhusu mtumishi wa umma asiye na mke aoe, na asiye na mtumishi apate mtumishi, na asiye na nyumba apate nyumba, kisha atakayejichukulia zaidi ya hayo akamhesabu kuwa ni mfanya khiyana au mwizi.

Angalieni ndugu zetu mpangilio wa hadithi hiyo. Kwanza ametajiwa haki, ndipo akatajiwa mpaka. Hakuambiwa asiibe hali amelala njaa. Nasi hatuna budi kulisema na hili: kwa miaka mingi askari wadogo wa nchi hii wamelazwa wawili na watatu katika chumba kimoja, mwenye mke na asiye na mke wakitengwa kwa pazia. Mwaka 2023 jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilichunguza hali zao, likapendekeza mishahara iongezwe na hali za makazi zitengenezwe. Serikali imdaiyo askari uadilifu, nayo yadaiwa nyumba yenye mlango. Walakin ufukara wa askari haumhalalishii hata shilingi moja ya mwenye bodaboda, kwani huyo mwenye bodaboda hakumnyima nyumba.

Kabla hatujafika huko Migori, tusimame kidogo pale kijana alipoingilia, maana mlango ulioingiliwa ndio uharibuo au utengenezao safari. Twasikia siku za uandikishaji baadhi ya wazee huuza ng'ombe, au kipande cha shamba, wakapeleka fedha kwa mtu asemaye kwamba ana njia. Wengine huongeza na hirizi, kijana afungwe mkononi ili daktari wa polisi asiuone ubovu wa meno yake. Hirizi tumeshaisema mara nyingi katika kurasa hizi na hatutairudia. Ama hiyo fedha, ni rushwa iliyolaaniwa mtoaji wake na mpokeaji wake, tena ni dhulma juu ya mtoto wa maskini aliyekimbia mbio uwanjani akashinda, kisha akaambiwa nafasi zimekwisha. Wako wasemao kwamba kila mtu hutoa, basi asiyetoa ni mjinga. Sisi twaona kwamba mjinga ni yule aliyemtia mwanawe katika kazi ya kushika wezi kwa njia ya wizi. Na madhara yake hayakomei Akhera. Kijana huyo huanza kazi na deni la baba shingoni mwake. Atakapolipwa mshahara wa kwanza atauona hautoshi, naye anasimama barabarani, na magari yanapita. Mzee aliyeuza ng'ombe ndiye aliyemfundisha mwanawe kunyoosha mkono.

Na la mikopo twalisema kwa haraka: askari mpya akishapata hati yake ya mshahara tu, hufuatwa na wakopeshaji wenye riba kama nzi wafuatavyo tende. Asitie sahihi.

Haya, amefika. Migori na Homa Bay zilikuwa zamani wilaya moja, Nyanza ya Kusini. Leo ni kaunti mbili, na katika sensa ya 2019 kila moja ilihesabiwa watu zaidi ya 1,100,000. Wengi wao ni Wajaluo. Wako Wakuria upande wa Kehancha na mpakani mwa Tanganyika ya zamani, na Wasuba visiwani na kandokando ya Ziwa. Waislamu ni wachache, ingawa Kendu Bay ina Waislamu na misikiti tangu siku za ukoloni, na kijana wetu akifika awatafute hao kabla ya kutafuta kinyozi. Barabara kuu yatoka Isebania mpakani, yapita Migori mjini na Rongo, ikaelekea Kisii. Juu yake hupita malori, matatu, na bangi iliyofichwa. Nyatike kuna machimbo ya dhahabu. Muhuru, Sori na Mbita kuna wavuvi. Na mbele huko majini kuna kisiwa kidogo cha Migingo ambacho Kenya na Uganda zimekigombania. Ni nchi yenye kazi nyingi kwa askari, na yenye vishawishi vingi.

Jambo la kwanza litakalomkabili ni ulimi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe upesi sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoifahamu, na kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, illa siku za mapumziko ya mahakama. Kiswahili chetu cha Mvita ni kitamu kwetu. Kwa bibi kizee wa Karungu ni kelele. Askari anamwambia jambo, bibi hafahamu, askari anadhani ni kiburi, na hapo rungu huinuka. Basi ni wajibu juu ya kijana wetu ajifunze Kijaluo, au akiwa Kehancha ajifunze Kikuria, na mpaka atakapojua amtafute mwenzake wa kumfasiria. Mwenyezi Mungu mwenyewe hakuwapelekea watu Mtume illa kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Itakuwaje konstebo ajione hana haja ya kubainisha?

Jambo la pili twataka tulikalie kidogo, kwa kuwa lamhusu zaidi kijana aliyelelewa vizuri. Amekulia katika nyumba isiyoingia pombe. Anatumwa usiku na wenzake kwenda kusaka chang'aa kijijini. Anaona madebe, anaona moto, anasikia ile harufu, na moyo wake unachemka. Atajiambia kwamba leo dini na serikali zimekuwa neno moja, na kwamba kila teke analolipiga ni jihadi. Hapana, mwanetu. Sayyidna Umar (r.a.), ambaye hukumfikia kwa kuichukia pombe, yasimuliwa kwamba usiku mmoja alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu na kinywaji chake. Yule mtu akamwambia kwamba yeye amemuasi Mungu kwa jambo moja, na Amirul Muuminina amemuasi kwa matatu: amepeleleza, na kupeleleza kumekatazwa katika Suratul Hujurat, ameingia nyumba si kwa mlangoni, na Suratul Baqara yaamuru milango, tena ameingia bila ya idhini wala salamu, ilhali Suratun Nur yaamuru vyote viwili. Umar akanyamaza, akamsamehe, akatoka. Khalifa, mwenye dola iliyoenea Sham na Misri, alitolewa ndani ya nyumba ya mlevi kwa hoja!

Sheria ya nchi nayo ina hati ya upekuzi na ina mipaka yake. Askari amepewa kazi ya kukamata na kufikisha. Hakupewa kazi ya kupiga. Mara nyingi yule apikaye pombe ni mjane mwenye watoto wanne, na akikamatwa kwa haki apelekwe kwa haki, bila ya kofi na bila ya kunyang'anywa kuku wake. Bwana Mtume (s.a.w.) aliwakataza Sahaba zake kumlaani mlevi aliyekwisha kuadhibiwa, wasije wakamsaidia Shetani juu ya ndugu yao. Na katika Muslim yako maonyo juu ya watu wenye mijeledi kama mikia ya ng'ombe, wapigao watu kwayo. Hao Bwana Mtume amewahesabu katika watu wa Motoni, na alisema kwamba wakati wake alikuwa hajawaona. Kila askari apewapo rungu na aikumbuke mikia hiyo.

Sasa twaingia katika lile suala la tatu.

Tarehe 7 Juni 2025 mtu mmoja aitwaye Albert Ojwang, mwenye umri wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay. Alikuwa mwalimu, tena alisomesha hapa jirani yetu, Kaunti ya Taita Taveta, watoto wa watu wa Pwani. Alidaiwa kuandika mtandaoni maneno yaliyomgusa mkubwa mmoja wa polisi. Palikuwa na vituo vya polisi Homa Bay, na palikuwa na mahakama Homa Bay. Lakini alichukuliwa kwa gari mpaka Nairobi, akatiwa katika kituo cha Central. Asubuhi ya tarehe 8 alikuwa maiti. Baba yake alifunga safari kumfuata ili amtoe, akapokewa na habari ya kifo. Polisi walisema kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliomfanyia uchunguzi wakaona majeraha ya kichwa, na shingo iliyobanwa, na alama mwilini, mambo yasiyopatikana kwa mtu kujigonga. Na Inspekta Jenerali akasimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa habari ile ya kwanza. Watu sita, miongoni mwao maaskari, walishitakiwa kwa mauaji, na wote wakakana. Nani mwenye hatia ni kazi ya mahakama, sisi si mahakimu na hatumtaji mtu.

Lakini tuna haki ya kuhesabu mikono. Mtu hawezi kutolewa kijijini Homa Bay akafikishwa katika seli ya Nairobi na mtu mmoja peke yake. Yuko atoaye amri. Yuko aendaye kubisha mlango. Yuko atiaye pingu, na yuko aendeshaye gari. Yuko afunguaye kitabu cha matukio akaandika jina na saa. Yuko mwenye ufunguo wa seli, na yuko mlinzi wa zamu asikiaye sauti usiku. Hatusemi kwamba kila mmoja katika hao alikuwa na kosa katika jambo hili. Huenda wengine walidhani wanafanya kazi ya kawaida. Twasema kwamba dhulma kubwa za serikali zote duniani, za jana na za leo, hupita katika mlolongo kama huu, na wengi wa walio katika mlolongo ni wadogo, makonstebo, vijana wa miaka ishirini na kitu, kama huyu wetu aliyepata barua yake jana. Na mlolongo wa namna hii yatosha pete moja kukataa kushikana na nyenzake. Mwenye ufunguo akisema kwamba yeye hafungui seli saa saba ya usiku kwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa, huenda mtu akaamka hai.

Atasema: mimi ni mdogo, nimeamrishwa. Na aitazame Suratul Qasas, aya ya 8, aone nani wametajwa kuwa wakosaji. Ametajwa Firauni, ametajwa Hamana, na yametajwa majeshi yao pamoja nao, katika aya moja, kwa neno moja. Haikusemwa kwamba askari wa Firauni walikuwa watumishi tu. Na katika Suratul Ahzab, aya ya 67, yasimuliwa udhuru watakaoutoa watu wa Motoni, kwamba wao waliwatii mabwana zao na wakubwa zao, nao wakawapoteza njia. Udhuru huo umeshatolewa, na jawabu lake limeshajulikana.

Tena iko ile habari ya kikosi, iliyopokewa na Sayyidna Ali (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Bwana Mtume (s.a.w.) alituma kikosi, akakiwekea amiri, akawaamuru wamtii. Njiani amiri akakasirika, akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake. Walikusanya kuni, wakawasha moto. Hapo ndipo wakaanza kutazamana, wakasema kwamba wao walimkimbilia Mtume ili waokoke na Moto. Wakasimama hivyo mpaka moto ukazimika na hasira za amiri zikatulia. Habari ilipomfikia Bwana Mtume alisema kwamba lau wangaliingia wasingalitoka humo kabisa, na kwamba utiifu ni katika jambo jema tu. Ndugu zetu, amri ile ilikuwa ya kuwadhuru wao wenyewe. Basi ikiwa mtu hana ruhusa ya kumtii mkubwa wake katika kuiunguza nafsi yake, atakuwa na ruhusa gani ya kumtii katika kuiunguza nafsi ya mtoto wa mwenziwe?

Wako wanazuoni waliolizungumza suala la kulazimishwa, na yako mambo mengi mwenye kulazimishwa amesamehewa. Kuua hakumo. Hapana aliyesema kwamba mtu akitishwa kuuawa apate ruhusa ya kumuua asiye na kosa ili aokoke yeye, kwa kuwa damu yake si nyekundu kuliko ya mwenziwe. Na wakati wetu huu anayekataa hatishwi hata kuuawa, hutishwa kuhamishwa. Kupelekwa Turkana si kulazimishwa kwa kisharia. Turkana nako kuna watu wa kulindwa.

La ajabu ni kwamba sheria ya nchi katika jambo hili imesimama pale pale iliposimama fiqhi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 yamtaka askari atumie kwanza njia zisizo na nguvu, na akilazimika kutumia nguvu iwe kwa kadiri ya haja. Na imesema wazi katika Jedwali lake la Sita kwamba kufuata amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria. Askari amtesaye mtu aweza kufungwa mpaka miaka 25. Na Katiba yenyewe imeiweka haki ya kutoteswa miongoni mwa haki chache zisizopunguzwa kwa hali yoyote. Basi kijana asidhani kwamba akikataa kwa ajili ya dini atakuwa ameiasi serikali. Aliyeiasi ni yule aliyemwamuru.

Yasimuliwa katika Muslim kwamba Hisham bin Hakim (r.a.) alipita Sham akawaona watu wamesimamishwa juani kwa sababu ya kodi. Hawakuwa Waislamu. Akawaambia wahusika kwamba amemsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowaadhibu watu duniani. Kisha akaingia kwa amiri akamweleza, na amiri akaamuru waachiliwe. Twaitaja habari hii ili ajue kijana wetu kwamba mahabusu wake wa Migori si lazima awe wa dini yake ndipo awe na haki juu yake.

Na namna ya kukataa ina adabu zake. Asipige kelele mbele ya raia wala asimvunjie mkubwa heshima. Amwambie kwa upole kwamba, afande, jambo hili sheria hairuhusu, naomba amri kwa maandishi. Mara nyingi amri mbovu hufa hapo hapo, kwani ina haya ya kuonekana kwenye karatasi. Kila aliyeingia seli aandikwe, kwa jina lake na saa yake na hali ya mwili wake, hata kama yuko asemaye kwamba asiandikwe. Awe na daftari lake mwenyewe, tarehe kwa tarehe. Na jambo likiwa zito iko Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011; ina ofisi Kisumu, ambako si mbali na Homa Bay, na ina ofisi hapa Mombasa ambako mzazi aweza kwenda kwa niaba ya mwanawe. Hatuwaahidi kwamba hatapata taabu. Huenda akacheleweshwa cheo, huenda akapewa zamu mbaya, huenda wenziwe wakamsusa kwenye kantini, na huko kantini kwa kweli asikae sana.

Juu ya sala, twaulizwa sana. Aliye katika lindo asiloweza kuliacha bila ya hatari hana Ijumaa. Atasali Adhuhuri mahali pake. Sala zenyewe hazimwanguki, na askari walisali hata mbele ya adui.

Lililobaki ni lile la pili: fedha aletazo, tuzile? Mshahara wake na marupurupu yake ni halali, nzileni na mmwombee. Lakini mzazi ana kazi ya kuhesabu. Konstebo wa mwaka mmoja akinunua kiwanja Likoni na pikipiki mbili kwa mwezi mmoja, baba asiseme kwamba Mungu ameleta. Bwana Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, aliporudi akatenga mafungu mawili, moja la Baitul Mali, na jingine akasema kwamba yeye ametunukiwa. Bwana Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama ataletewa zawadi. Kipimo hicho chatosha kwa kila iitwayo chai na kitu kidogo barabarani Isebania: je, dereva wa lori la mahindi angalikuletea noti hiyo kama ungalikuwa umekaa kwenu Kibokoni na kanzu yako? Kadhalika dhamana ya polisi haina bei. Anayemtoza mama wa Homa Bay fedha ili mwanawe atolewe kwa dhamana amemuuzia haki iliyokuwa ya mama huyo tangu mwanzo.

Na aliyekwisha kuchukua, akataka kutubu, mlango u wazi, lakini toba ya haki za watu haitimii kwa istighfari peke yake. Anayemjua mwenyewe amrudishie, hata kwa siri, hata kwa simu, kwani siku hizi fedha husafiri bila ya mtu. Ikiwa ni makumi ya madereva waliopita Migori usiku, asiojua majina yao wala namba za magari yao, na apige hesabu kwa kadiri ya dhana yake kubwa, azidishe kidogo kwa tahadhari, atoe zote kwa mafakiri wa huko huko Migori, si wa kwao Pwani, maana zilitoka katika mifuko ya watu wa kule. Asitarajie thawabu ya sadaka kwa fedha hizo. Anatarajia kutua mzigo. Na baba aliyejengewa ukuta kwa fedha hizo, akajua, naye deni hilo ni lake kwa kadiri ya matofali yaliyomfikia.